Dakika Mbili, Profesa

Kazi yangu ilikuwa kufukuza kuku.
Profesa Asekenye akipigiwa simu na studio
mimi hutoka na fimbo hadi nyuma ya jiko,
maana dunia haijadiliki jogoo akichangia hoja.
Hapa Amagoro mtandao hushika mahali pamoja tu,
chini ya tangi la maji, kiti kikiegemea ukuta.
Juu, blauzi ya hariri na mkufu. Chini, kamera isikofika,
leso yenye masizi na kandambili za bluu.

"Dakika mbili, Profesa. Je, vita vitaenea?"
Naye huzimega dakika mbili kama mkate wa mayatima:
kipande cha historia, kipande cha mafuta,
kipande cha mlangobahari asiowahi kuuona.

Miaka thelathini na mmoja.
Maseno alifundisha mikataba kwa chaki iliyomkausha vidole.
Geneva aliketi nyuma ya kibao chenye jina la nchi
akiandika hotuba, wakazisoma wengine.
Tasnifu yake, kurasa mia nne na kumi,
ilihusu mto Malaba,
jinsi watu wanavyouvuka kwenda kuzika
wakarudi na sabuni ya mche, na ndizi, na mke.
Hakuna studio iliyowahi kuuliza kuhusu sabuni.

Mamake amelala ng'ambo, kwa wajomba.
Kila Desemba Profesa huenda kupalilia kaburi.
Fomu ya mpakani ina visanduku vitatu:
biashara, masomo, utalii.
Huweka alama kwenye utalii.

Jana wakapiga tena.
Malori yalikuwa yamesimama siku ya tisa,
foleni toka Malaba imetufikia mlangoni,
mahindi yameanza kuota ndani ya magunia,
dereva mmoja kaja kuomba maji ya kuoga.
Studio ilitaka ya kule mbali.
"Profesa, nani atashinda?"

Kimya. Nikasikia tone la tangi, na jingine.
"Sijui."
Tangu nianze kushika fimbo hii sijamsikia akilitamka.
Mtangazaji akakohoa. "Nadhani mtandao una shida..."
"Mtandao ni mzima. Nimesema sijui.
Niulize bei ya mahindi."

Wakakata.

Akavua mkufu, akautia kikombeni.
Akauliza kama yule dereva alipewa sabuni.
Nilipogeuka kujibu, jogoo alikuwa amesharudi,
yuko juu ya kiti, kifua mbele,
anaitazama simu.