Sakitu kwa Simu

Julai, Uwemba, saa kumi na mbili na robo.
Nilikuwa navunja ganda la barafu kwenye ndoo ya ng'ombe
kwa kisigino cha buti,
simu ikalia: Twilumba, yuko Bologna,
anauguza bibi wa watu ghorofa ya nne.

"Dada, huku kunachemka. Usiku kucha hatujalala.
Ile kanga uliyonifungia sandukuni nimeilowesha,
nimeitundika dirishani. Miguu ya bibi iko kwenye beseni.
Jana wamemshusha jirani kwa machela,
feni yake ingali inazunguka."

Nikakosa la kusema.
Masweta mawili, na juu yake koti la marehemu baba.
Nikamgeuzia simu shambani aone viazi:
majani meusi, yamenyauka,
sakitu imepita usiku kama mtu mwenye kijinga cha moto.

"Kumbe hata huko kunaungua?"
Hata huku.

Kikohozi. Uso wa kizee ukajaa kiooni.
Twilumba akatafsiri: anasema
aliambiwa Afrika yote ni jua.
Anaomba umwonyeshe tena ule weupe wa nyasi.

Nikachuchumaa, nikaishusha simu chini kabisa,
mpaka vidole vikafa ganzi,
na kule mbali akalaza shavu kwenye kioo,
akafumba macho.

Bando likaisha.
Jua ndiyo kwanza lilikuwa linachungulia nyuma ya mipaina,
nami, Mungu anisamehe,
nikaliomba lije upesi.