Swichi Chini ya Kiti

Waliniita Ijumaa, kesho yake michezo,
uwanja wa shule umevaa nyasi hadi magotini,
na Kakamega, mnajua, haiombwi mvua:
saa tisa ikifika, nyasi zinakunywa.

Trekta dogo la kukatia limelala kwenye mstari wa mbio,
jekundu, limepauka bega moja,
na kando yake Shivachi, kofia mkononi,
kama mtu aliyesindikiza mgonjwa.
"Linawaka," akasema. "Linakwenda. Halafu linakufa.
Likifika pale kwenye tuta la fuko, kimya.
Mwaka wa kumi na tisa nalikalia. Sasa limenikataa."

Mimi siamini mashine inayokataa mtu.
Naamini mita.
Betri: volti kumi na mbili nukta sita. Nzima.
Vichwa vyake vimeota unga wa kijani,
nikavisugua kwa maji moto na magadi ya mboga
niliyoomba jikoni.
Fyuzi: niliielekeza juani, uzi wake haujakatika.
Waya wa ardhi: boliti imelegea, kutu chini ya rangi,
nikakwangua mpaka chuma kikaona mwanga.
Umeme ni kama mkopo, mjomba alinifunza Kibuye,
usipoona njia ya kurudi, hautoki nyumbani.

Chini ya boneti panya amejenga:
vipande vya karatasi za mtihani, manyoya,
na waya wa manjano ameutafuna hadi shaba.
Nikacheka. Mwizi huyu hapa!
Nikaunga, nikazungusha utepe, nikanawa.

Shivachi akapanda. Likawaka. Likaenda.
Kwenye tuta la fuko, kimya.

Mhasibu akapita na mwavuli,
akauliza ule utepe ni shilingi ngapi.

Basi nikapanda mwenyewe.
Mimi Akumu, kilo themanini na tatu, sijifichi.
Mizunguko mitatu, tuta na yote,
visu vinavuma, nyasi zinaruka hadi kwenye goli.
Nikashuka. Akapanda yeye. Likafa.

Ndipo nikaacha mashine, nikamtazama mwenyewe.
Mshipi wake una tundu jipya, limetobolewa kwa msumari.
Shingo inazunguka ndani ya kola
kama mchi katika kinu.
Na chini ya kiti kuna swichi ndogo na springi yake,
haijui majina, haijui miaka kumi na tisa.
Ina swali moja tu: yupo mtu?
Kila tuta lilipomrusha kidogo
ikajijibu: hayupo.

Kuiruka swichi ni waya mmoja, dakika mbili,
fundi wa kando ya barabara angeiruka, akalipwa, akala.
Lakini mtu akianguka, visu vitajuaje?
Nikakata kipande cha tairi kuukuu, unene wa kidole,
nikakigundisha chini ya kiti, juu ya springi,
ili uzito mdogo nao usikike.

Akapanda. Tuta. Likapita.
Nikamwambia ainue makalio kidogo: likazima.
Vizuri. Keti. Endelea.

Alikata uwanja mzima, mistari imenyooka
kuliko ile ya chokaa, mpaka matone ya kwanza yakaanguka.
"Ilikuwa nini?" akaniuliza.
"Swichi," nikasema, nikafunga boksi la spana.
Nikalifungua tena, sijui nilitafuta nini.
"Baba, umepungua tangu lini?"

Akageuza kofia, upande huu, upande ule,
akahesabu kwa mihula, kama watu wa shule.
"Muhula wa pili," akasema. "Chakula hakishuki."

Ofisini niliandika risiti, bati likipigwa na mvua ya mawe:
utepe, kipande cha tairi, kazi ya mikono.
Magadi, bure.
Na mstari wa mwisho, kalamu ikigoma, nikakandamiza:
mwendeshaji apelekwe hospitali, wiki hii.

Mhasibu aliusoma mara mbili.
Akauliza huo nao ni shilingi ngapi.