Kuhesabu Kinyumenyume

Mwili ni bomba la karatasi ngumu,
utumbo wa jora la dera lililouzwa likaisha
dukani ninakopimia watu vitambaa, Malindi mjini.
Wengine hulitupa. Mimi nililipeleka Ngomeni
kwapani, kama mkeka wa msibani.

Pua niliichonga kwa kisu cha jikoni,
mti wa msufi, mwepesi, ukiuangusha hausemi kitu.
Mapezi matatu, ubao wa kasha la majani ya chai,
nikayapiga msasa siku mbili, hata Nyevu akaniuliza:
"Shangazi, haya ya kukata upepo au ya kukata mboga?"

Mwavuli una kesi yake.
Ni mfuko wa plastiki, wa samawati,
mama aliuficha chini ya godoro mwaka wa marufuku
pamoja na cheti cha ndoa na funguo zisizo na kufuli.
Nilipouomba, aliniangalia kana kwamba naomba figo.
"Uukate?"
"Niukate."
Aliushika mara mbili kabla ya kuuachia.

Tuliifunga uzi kiunoni,
nikaizungusha juu ya kichwa, uani.
Mbuzi wakatawanyika, jirani akafunga dirisha,
nayo ikaruka matako mbele.
Nyevu akaleta machubwi matatu ya mshipi,
tukayashindilia puani kwa nta,
ndipo ikanyooka, ikaifuata pua yake
kama mtu aliyekumbuka alikotumwa.

Injini ilikuwa moja. Moja tu,
nene kama kidole gumba,
na barua tatu na mihuri minne nyuma yake.

Basi Jumamosi, alfajiri, kwenye mashamba ya chumvi,
fito ya chuma, betri ya pikipiki, majani ya mchicha
tuliyoyapachika ndani ili moto usile mfuko.
Mama akaja na kiti chake.

Enzi za roketi kubwa, kule jukwaani baharini,
yeye alikuwa jikoni mwa kambi, mikono kwenye povu.
Kila iliyopaa aliijua kwa bilauri:
zilitetemeka kabatini, zikagongana, zikanyamaza.
Msimamizi hakuruhusu mtu kuacha sinki.
Hesabu aliisikia ukutani, akarudi nayo nyumbani
kama wengine walivyorudi na mabaki ya makaroni.

"Nitahesabu mimi," akasema,
na akahesabu kwa Kitaliano, kinyumenyume:
diechi, nove, oto, sete,
sauti ikipita penye pengo la meno.

Nikabonyeza.
Kimya.
Chumvi ilikuwa imeshaulamba waya.
Nyevu akaukwangua kwa ukucha,
mama akaanza tena, kumi, bila kuombwa,
na alipofika *tre* ndala ikamnasa topeni,
akainama kuivuta.

Ikaondoka.
Mstari mweupe, mwembamba kama uzi wa cherehani,
halafu hakuna mstari, mbingu tupu,
halafu pa! kidogo, kama njugu ikipasuka,
na mfuko ukavimba huko juu,
jina la duka lililokufa zamani
likisomeka angani miguu juu.

Mama bado ameinama, ndala mkononi.
"Imeshakwenda?"
"Imeshakwenda."
"Sikuiona," akasema. "Tena."
Hatukujua kama tucheke.
Aliyeanza ni yeye.

Upepo uliishusha ng'ambo ya kidimbwi cha nne.
Famau, mlinzi wa chumvi, aliileta
ameishika mkia kama panya, pezi moja limekatika,
akitaka kujua ni mali ya kampuni au ya nani.
"Yangu," mama akamjibu.
Akaitia shavuni. Ilikuwa bado ya moto.
"Mlio ni uleule," akasema,
"ila hii haiwezi bilauri."

Kisha akaukunja mfuko, nyuzi na yote, mara nne,
kwenye mikunjo yake ya zamani,
na bila kuniangalia akauliza
injini nyingine ni shilingi ngapi,
na kama ile barua ya polisi
inaweza kuandikwa jina lake.