Fui

Voy, vas, va. Mwanasiti akunja mashuka ya wageni Shela,
kunjo moja, nafsi moja.
Ir, yaani kwenda, ni kitenzi kisicho adabu:
kikitoka tu, mzizi hakiuagi,
kama Shekuwe, kakake, aliyehamia Valencia.

Nasi tunacho chetu, ajipoza,
hatumwiti mtu "ja", twamwita "ndoo".

Ukurasa wa jana ndio uliomkwamisha.
Fui: nilikwenda.
Fui: nilikuwa.
Neno lile lile, na daftari halina maelezo.

Usiku akamwandikia kakake neno moja,
Fuiste.
Simu ikatetemeka. "Kwa maana ipi, dada?"

Foronya juu ya dari zilikuwa bado mbichi.
Akazigeuza upande wa pili.
Vamos, vais, van.