Kioo namba arobaini na moja

Ligula, saa tano. Umeme umerudi.
Nasogeza hadubini kwa kidole gumba:
shingo ya kizazi, Somoe Nantende,
wa Nanguruwe, miaka hamsini na miwili.

Chembe nyeupe zimejaa pembezoni,
zambarau tupu,
kama walinzi wa ghala la korosho siku ya mnada.
Wengi. Wamesimama tu.

Miaka ishirini walipigana na kirusi gizani.
Sijui walichoka lini.
Wengine, naona, wamehamia ndani ya uvimbe;
wanaupikia,
wanauchotea maji.

Naandika: zipo, nyingi.
Fomu haina mahali pa kuuliza
ziko upande wa nani.

Dirishani bintiye ananyoosha risiti.
Namwambia wino haujakauka.