Kati ya Leja Mbili

Bwana Orgill ameileta lenzi ndani ya soksi,
soksi ya sufu, kisigino kimetoboka,
akaiweka mezani taratibu
kama anayelaza mtoto aliyesumbua usiku kucha.
"Ya babu wa baba yangu. Alikwenda nayo vitani,
mwaka wa kumi na sita.
Niandikie tu mwaka, na sahihi yako."

Nje, mvua ya Leicester: hainyeshi, haikatiki.

Sijibu. Kwanza nakipulizia kioo pumzi.
Pumzi hukaa kidogo, kisha hukimbia,
na ikikimbia mikwaruzo husema.
Halafu pete. Rangi nyeusi imebanduka,
shaba yachungulia,
namba imelambwa na vidole vya watu.
Nalaza karatasi ya sigara, nasugua penseli,
na tarakimu zapanda moja moja:
nane, moja, saba,
kisha kitu ambacho ni tatu au nane,
kisha sifuri.

Thirlby na Mwanawe, nyuma ya mfereji.
Kiwanda siku hizi ni maegesho ya magari.
Leja ya pili yaishia elfu sabini na tisa,
Desemba ya ishirini na mbili.
Leja ya tatu ilinyweshwa maji na bomba lililopasuka,
ikawa uji.
Ya nne yaanza na elfu themanini na nane,
ishirini na saba, Machi, wino wa mtu mwingine.
Tatu au nane, haidhuru:
hamsini ni kazi ya wiki na kidogo.

Na hii saba yenye ndoano mkiani
naijua. Mkono wa Olive Pratley,
aliyelipwa kwa kila pete aliyoichonga,
akakatwa senti mbili kwa kila iliyoteleza.
Leja ya nne haimjui.

"Bwana Orgill," nasema, "vita vilikuwa vimekwisha."

Anaitazama lenzi kana kwamba ndiyo iliyosema.
"Hakuna makosa?"
Makosa yapo. Ila si ya miaka sita.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi.
Hii imetembea miaka mia,
na sioni mwongo ndani yake,
naona watu waliopokezana mzigo
bila kuufungua.

"Alifariki lini?"
"Kumi na saba. Novemba.
Lakini albamu nzima ina jina lake, pale nyuma!
Babu yangu juu ya baiskeli, meno ya mbele hana..."
Akanyamaza.
Nikaona kidole gumba kikigusa vidole vingine,
kumi na tano, kumi na sita,
kikirudi, kikianza upya,
kikimsubiri mtoto azaliwe, akue, ang'oke meno.

"Edie," akasema.
"Mkewe. Sisi tuliambiwa
alikuwa akishona vidole vya soksi, kiwandani.
Basi. Hayo tu tuliambiwa."

Sikumjibu hilo nalo. Namba hujua ilizaliwa lini,
haijui ilibebwa na nani,
na mimi sitaisemea.
Nikachukua cheti, nikaandika:
Kati ya Desemba 1922 na Machi 1927.
Mchongaji: O. Pratley.
Mwenye lenzi wa kwanza:
pale nikainua kalamu.

"Bado inaona?" akauliza.

Nikazima taa.
Nikaishika lenzi mbele ya dirisha,
cheti nyuma yake, mkono mbele, mkono nyuma,
mpaka ukungu ukakaza.
Barabara ya Narborough ikaja yote kichwa chini:
duka la simu, mwamvuli mwekundu,
mama anayevuta mkono wa mtoto mkaidi.
Bwana Orgill aliinamisha shingo kuwasoma.
Walipita polepole juu ya ule mstari mtupu,
miguu yao angani,
na hakuna aliyesimama.