Acha Pingili Mbili

Alikuja na watoto saba ndani ya boksi la sabuni,
siku ya tatu tangu wazaliwe, macho bado yamefumba,
akaliweka mezani kwangu, pale Chumbageni,
kama mtu aletaye viatu kwa fundi.
"Mikia," alisema Bwana Singano. "Acha pingili mbili.
Zilizobaki tupa."

Ana kampuni ya ulinzi. Mbwa wake hulala
mbele ya maghala ya mkonge na mageti ya Raskazone.
Akanionyesha picha kwenye simu: mbwa mweusi, kifua mbele,
nyuma ameishia ghafla
kama sentensi iliyokatwa na mwalimu.
"Mteja akiona mkia unatikisika,
anajua nimemuuzia rafiki.
Yeye amelipia hofu."

Mkasi nilikuwa nao. Spiriti, pamba.
Leseni yangu ukutani, pembe moja imeliwa na chumvi ya hewa.
Nikamwambia ipo sheria ya ustawi wa wanyama.
Akacheka, wala si kwa ubaya:
"Sheria ya mbwa? Mbwa huyuhuyu wa kupigwa mawe kila kona?"
Nikafungua kitabu. Usimtese mnyama bila sababu,
nilivyokielewa mimi,
kisha kikaniacha palepale, juu ya neno sababu,
kama mgeni aliyeelekezwa nyumba isiyo na namba.

Maana sababu anazo. Sababu za watu hazikauki.
Mwizi ataukamata mkia. Geti litaubana.
Utanaswa kwenye miba ya mkonge.
"Na sisi," akamalizia, "siku ya jando, nani alituuliza?"

Hapo nilinyamaza. Swali lilikuwa la haki.
Lakini sisi tulirudi na kanzu mpya,
tukapikiwa wali wa nazi, mama zetu wakapiga vigelegele.
Huyu atarudi na nini?
Mama yake atapiga nini?

Mama yake alikuwa nje, kwenye pikapu, chuchu zimejaa.
Tausi. Ndiye aliyemshika mwizi wa nyaya mwaka juzi,
mkia wake mzima.
Kila sauti yangu ilipopanda aliugonga kwenye bati,
du, du, du,
kama jirani abishaye hodi akijua mmo ndani.

Bibi yangu hakugusa mbwa maishani mwake.
Akipitiwa na pua yake tu, ni maji mara saba, moja kwa udongo.
Ila siku nilipomfungia mmoja kopo mkiani, ili tucheke,
bakora ilikuwa yangu.
"Najisi ni mate yake," alisema. "Si maumivu yake."

Ng'ombe haelemewi na nunduye.
Nikamwambia Singano hivyo, nikamrudishia boksi.
Hakukasirika. Alikunja noti zake, akaniuliza habari za watoto,
akaondoka kuelekea Ngamiani.
Wote tunamjua jamaa wa kule, mwenye raba na wembe,
elfu tano kwa mkia,
hana leseni ya kuliwa na chumvi.
Nami nikanawa mikono
ambayo haikufanya kitu.

Miezi minane baadaye niliitwa Raskazone, paka wa mtu anaharisha.
Getini alisimama mbwa mweusi, kidole kimoja cheupe.
Nilikikumbuka kidole kile.
Alibweka kama alivyofundishwa. Mteja asingedai pesa zake.
"Usimwamini," akasema kijana mlinzi,
akivuta mkono wa sweta ufunike kovu.
"Huyu huwezi kumsoma. Hujui amefurahi au anakuja."

Nikachuchumaa. Akanusa kiganja, akanusa tena.
Na kule nyuma, pale alipoishia,
kitu kikaanza kwenda chini ya ngozi,
kushoto, kulia, kushoto,
pingili mbili
zikihangaika na kazi ya ishirini.